Alama Iliyosahauliwa Barazani

Twaanza kwa Bismila,
Mola asiye mithala,
Amjua alolala
Na aliyeko njiani.

Sifa zote njema ni zake Yeye asiyesinzia wala kusahau, ambaye viumbe vyote vimo katika ujuzi wake na hata mmoja hachanganywi na mwenziwe. Rehema na amani zimshukie Mtume wake, na aali zake, na sahaba zake. Baada ya hayo, yafaa watu wa kisa hiki wajulikane kwanza, kila mmoja mahali pake.

Iringa mjini, nyuma ya soko, alikaa Mwalimu Ahmadi, ambaye wazee wake walipanda kutoka pwani kwa biashara wakanaswa na ubaridi wa milimani wasirudi tena. Alisomesha watoto Kurani asubuhi na fikihi baada ya alasiri, na watu wa mji walimwendea kwa masuala ya ndoa, ya mirathi na ya maiti. Mungu alimpa watoto kadhaa, akambakizia wawili: Othmani na mdogo wake Mwanakhamisi. Othmani alisoma sana, akapelekwa Dar es Salaam kujifunza kazi ya kompyuta, na aliporudi nyanda za juu aliajiriwa Mbeya katika mradi wa kuwahamisha watu wa bonde la Usangu. Mwanakhamisi aliolewa na Kudra, mwenye duka, wakahamia Mtambani, kitongoji kidogo ndani ya bonde lenyewe, ambako wafugaji kutoka kaskazini walikuwa wameanza kufika na ng'ombe wao. Jirani yao wa karibu alikuwa Bujiku, Msukuma mpole mwenye mke, watoto, na mama mzee aitwaye Kashindye, ambaye miguu ilikuwa imekwisha kumkataa.

Hao ndio watu. Reli mpya ilikuwa imekwisha kufika Mbeya, na mainjinia waliopima mito walikuwa wamesema kwamba masika yajayo maji yangetanda bondeni kuliko ilivyopata kuonekana. Ikaamuliwa watu wapandishwe mahali pa juu kabla ya mvua. Malori yalikuwa machache, familia nyingi. Mwanzoni kazi ilifanywa kwa mdomo, na malori ya kwanza yalirudi yamejaa mbuzi wa makarani na mashemeji zao, huku wagonjwa wakiwa wameachwa milangoni. Ndugu Gideoni, mkuu wa mradi, aliona haya. Akatoa amri kwamba mtu yeyote asipande lori ila kwa karatasi iliyotoka kwenye mashine, na dereva asisikilize kilio wala undugu. Ilikuwa amri nzuri. Watu waliisifu, na Othmani ndiye aliyepewa kuitekeleza.

Mashine ilikaa katika chumba kimoja chenye mapazia mazito, na kumbukumbu yake ilikuwa ya pete ndogondogo za chuma zilizotungwa kwenye nyaya kama shanga. Pete hizo zilikuwa chache mno kwa kazi iliyotakiwa. Kila familia ilitobolewa kadi yake. Mashine ikaisoma kadi, ikapanga lori, ikachapa karatasi, kisha ikaishika kadi inayofuata. Kazi ya Othmani ilikuwa kuamua kila neno liwekwe wapi ndani ya mashine, likae kwa muda gani, na lifutwe lini.

Damari, binti wa Kinyakyusa aliyetoboa kadi, alimwuliza siku moja mambo hayo yanakwendaje, naye akamweleza kwa nyumba ya kwao Iringa.

"Nyumba ina chumba cha ndani na ina baraza," alisema. "Ukikiweka kitu chumbani, ni cha aliyemo chumbani tu. Akitoka, chumba kinafungwa, na kilichokuwamo kimekwisha, nafasi anapewa mwingine. Ukikiweka barazani, kila apitaye anakiona, na kitabaki pale mpaka mtu aje kufagia."

"Basi weka kila kitu chumbani, uwe salama."

"Vyumba vinakula nafasi, Damari. Neno likitoka chumba hiki kwenda kile, ni lazima kila chumba kilipatie mahali. Barazani linakaa mara moja, wote wanalitumia."

"Na nani anafagia?"

"Mimi. Kila kinapoanza kitongoji kipya, nimeiamuru mashine ifagie baraza lote."

Damari alimtazama akizungumza huku ameweka kiganja juu ya mashine. "Kaka Othmani, unaizungumzia kama mke."

"Mke angenijibu."

"Ndiyo sababu hujaoa. Unaogopa kujibiwa."

Walicheka, na kazi ikaendelea. Mpaka hapo hakikuwa kimeharibika kitu.

Kisha Kudra akafariki. Aliugua homa siku chache tu, na habari zilipomfikia Othmani, maiti alikuwa amekwisha kuzikwa. Alikwenda Mtambani akamkuta dada yake amekaa eda, amevaa nguo zilizofifia, hana manukato wala pambo, ndani ya nyumba ya matofali ambayo marehemu aliijenga juu ya kilima kidogo cha kichuguu. Bibi Kashindye alikuwa pamoja naye. Alikuwa amejikokota kwa fimbo kutoka nyumbani kwake, pale chini karibu na mto, amebeba maziwa ya mgando kwenye kibuyu.

"Mayu, umejisumbua," Othmani alimwambia, kwa kuwa ndivyo alivyosikia Wasukuma wakimwita mama.

"Sijisumbui. Mjane anamfahamu mjane," mzee alisema. "Mimi wa kwangu alikufa Bujiku yuko mgongoni. Huyu mtoto asile peke yake, akila peke yake chakula hakishuki."

Othmani aliporudi Mbeya alikuwa na wazo moja lililomkaa moyoni. Lori la Mtambani lingefika dada yake angali edani. Mjane hatoki nyumbani kwa mumewe mpaka muda utimie. Hivyo alisoma akiwa mtoto, akakariri, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha. Ingewezekanaje yeye, mwana wa Mwalimu Ahmadi, aandike kwa mkono wake amri ya kumtoa dada yake edani? Nyumba ya Kudra ilikuwa juu ya kilima. Angeweza kungoja lori la mwisho. Basi akaazimia kuongeza katika kazi ya mashine alama moja: kadi yenye tundu mahali fulani, karatasi yake isitaje lori, iandikwe NGOJA.

Hakumwuliza baba yake. Alidhani jibu analo.

Alama hiyo ilihitajiwa na sehemu mbili za kazi, ile isomayo kadi na ile ichapayo karatasi. Kuipitisha chumba kwa chumba kungehitaji nafasi, na nafasi ilikuwa imekwisha. Akaiweka barazani. Aliiamuru mashine: kadi ikiwa na tundu, weka alama. Kadi isipokuwa na tundu, hakuiambia kitu, kwa kuwa aliona hapana la kufanya. Akaijaribu kwa kadi za zamani, ya Mwanakhamisi akaiweka mwisho, ikatoka kama alivyotaka. Akashukuru Mungu, akaenda kuswali adhuhuri.

Lakini Bujiku na mkewe na watoto hawakungoja lori. Ng'ombe hawapandi lori, na mfugaji haachani na ng'ombe wake; walitangulia kwa miguu kuwapandisha wanyama, wakamwacha mama aletwe kwa gari kwa ajili ya miguu yake. Kadi ya familia ikaondolewa, ikatobolewa nyingine ya Kashindye peke yake, na kadi mpya kwa desturi ya ofisi iliwekwa nyuma ya wenzake. Ikawa ya mwisho katika kitongoji, nyuma ya ile ya Mwanakhamisi. Mashine ikamsoma mjane kijana, ikaweka alama, ikachapa NGOJA. Ikamsoma mjane mzee, haikukuta tundu, haikufanya kitu. Alama ya mwenziwe ilikuwa pale pale barazani. Ikachapa NGOJA. Kisha kitongoji kikaisha, baraza likafagiliwa, na hapakubaki dalili yoyote.

Alasiri moja mvua ilikuwa imekwisha kuufunika mlima wa Loleza, na Asukile, dereva wa mradi, aliingia ofisini akikung'uta koti.

"Mzee wa mashine, wajane wako wanakusalimu," alisema.

"Wajane gani?"

"Wa Mtambani. Dada yako, na yule bibi wa Kisukuma. Bibi yule ana maneno. Nimemsomea karatasi yake, ananiuliza, mjukuu wangu, ninangoja nini? Namwambia, bibi, karatasi haisemi, inasema ngoja tu. Ananiambia, basi labda nimefiwa tena, watu wananificha."

Asukile alicheka. Damari naye alikwisha kuanza kucheka, akauona uso wa Othmani, akanyamaza.

"Karatasi ya bibi imeandikwaje?"

"NGOJA. Herufi zako zile kubwa. Kwani vipi?"

Othmani hakwenda kuitazama mashine. Alisimama pale alipo, mkono juu ya kiti, akaziona kadi mbili zikipita moja nyuma ya nyingine, na alama yake imekaa kati yao kama mgeni ambaye hakuna aliyemwambia ainuke.

"Ulimwacha?" aliuliza.

"Nimpakie bila karatasi? Ndugu Gideoni angeninyang'anya funguo. Alitaka kupanda, sikufichi. Alishika mlango wa gari. Nikamwambia, bibi, mashine haimsahau mtu."

Othmani aliingia kwa mkuu bila kubisha. Ndugu Gideoni aliinua uso.

"Ndugu, naomba lori lirudi Mtambani sasa hivi."

"Mashine imekosea?"

"Mashine imefanya nilivyoiambia. Nimekosea mimi. Kuna mama mzee ameachwa kwenye nyumba ya bondeni."

Gideoni alitazama dirishani, ambako mvua ilikuwa ikishuka. Alitia sahihi, akasema, "Nendeni. Mpite kabla barabara hazijakatika."

Walikwenda. Barabara kuu ilikuwa njema, lakini walipoiacha na kuteremka bondeni, korongo lililokuwa kavu asubuhi lilikuwa mto wenye sauti. Asukile alijaribu mara ya kwanza, magurudumu yakaelea, akarudi nyuma. Wakakaa ndani ya lori mpaka kulipopambazuka. Othmani alivuta tasbihi kwa vidole visivyohesabu. Kulipokucha waliliacha gari wakavuka kwa kamba, wakaenda kwa miguu katika tope, na kila walipofika mahali pa juu Othmani alitafuta kwa macho kile kilima cha kichuguu.

Kilima kilikuwapo. Nyumba ya Kudra ilikuwapo. Chini yake, palipokuwa na nyumba ya udongo na zizi, palikuwa na maji ya rangi ya kahawia yaliyotulia, na ncha za miti ya zizi zimesimama ndani yake.

Mwanakhamisi alikuwa mlangoni. Nguo zake za eda zilikuwa zimelowa tope mpaka kifuani. Hakulia alipomwona kaka yake. Alisogea pembeni ili aingie. Sakafuni mwa duka, kati ya magunia ya chumvi, Bibi Kashindye alikuwa amelazwa amefunikwa kanga mpya iliyotolewa kwenye bidhaa za marehemu.

"Nilimwita aje alale kwangu," alisema Mwanakhamisi. "Nilimwita jioni, wingu limekwisha kufunga. Akasema, mwanangu, lori linaweza kuja alfajiri, wasiponikuta nyumbani wataniruka. Nikamwambia watakuona hapa. Akasema hapana, karatasi imeandikiwa nyumba yake. Usiku nikasikia maji. Nikasimama hapa mlangoni, kaka. Nikasimama. Najiuliza, naruhusiwa kutoka? Najiuliza mimi, na maji yanaingia kwa mwenzangu. Nilipotoka hayakuwa maji ya kukanyaga tena. Nimemkuta asubuhi kwenye miiba ya zizi."

Othmani alikaa chini mbele ya maiti.

"Karatasi yangu ilisema ningoje," dada yake aliendelea, kwa sauti ile ile. "Yangu niliielewa, ulikwisha kuniambia. Yake sikuielewa. Nikasema, kaka yangu ndiye aliyeiandika, basi iko sababu."

"Hapakuwa na sababu," Othmani alisema. "Ni alama yako. Niliiweka mahali pa watu wote, na sikuiondoa alipofika yeye."

Mwanakhamisi akaufunika uso wake kwa mikono miwili, na hapo ndipo alipolia.

Bujiku alifika saa sita mchana, ameteremka kutoka juu peke yake baada ya kuona maji. Alipewa njia. Alikaa na mama yake, mlango ukarudishwa, na walio nje hawakusikia kitu. Alipotoka Othmani alimwendea, akamweleza yote bila kujiwekea kivuli: eda ya dada yake, tundu katika kadi, nafasi iliyokuwa ndogo, baraza lisilofagiliwa. Asukile alisimama karibu, ameishika kofia yake.

Bujiku alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni. "Mashine ilimfanya mama mjane," alisema mwishowe.

"Ilimpa alama ya mjane mwingine."

"Mama alikuwa mjane, ndugu yangu. Hilo haikukosea." Alipangusa tope kwenye fimbo ya mama yake. "Umesema sehemu ya alama ilikuwa moja kwa watu wote. Sisi ng'ombe tunawachanganya malishoni, lakini jioni kila mmoja naita kwa jina lake, mpaka nimwone kwa macho. Wewe hukuita."

"Sikuita."

"Basi." Baadaye aliomba jambo moja tu, kwamba mama asizikwe bondeni. Maji yalipopungua Asukile alilileta lori, akalirudisha kinyumenyume mpaka mlangoni. Mwanakhamisi alipanda naye, kichwa cha Kashindye mapajani mwake, na hivyo wote wawili waliokuwa wakingoja wakapandishwa siku moja.

Othmani alikwenda Iringa. Basi lilisimama Nyololo, abiria wakashuka kununua mahindi ya kuchoma; yeye hakushuka. Alimkuta baba yake amebakiwa na wanafunzi wawili watatu wakikunja mikeka. Alimwamkia, akaketi, na walipokwisha kuondoka akasimulia.

Mwalimu Ahmadi alisikiliza akiwa ameinama. Othmani alipofika kwenye eda, mzee aliinua mkono.

"Ungeniuliza," alisema.

"Nilijua, baba. Mjane hatoki nyumbani kwa mumewe."

"Mjane hatoki kwa anasa. Akichelea nafsi yake, kwa moto, kwa adui, kwa mafuriko, huhama, na eda yake huenda nayo huko aendako. Haivunjiki. Nilikusomesheni hayo pamoja na hilo la kwanza. Ulikuwa mtoto, ulikariri mlango mmoja ukaacha unaofuata." Aliushusha mkono wake. "Mwanakhamisi angepanda lori la kwanza. Hapakuwa na haja ya alama yoyote."

Nje muadhini alianza kuadhini alasiri. Hapana aliyeinuka mara moja.

"Nifanye nini, baba?"

"Yaliyopita huwezi kuyafanya. Hao waliobaki bondeni, kadi zao bado zinapita kwenye mashine hiyo?"

"Zinapita."

"Basi tuswali, kisha urudi kwao."

Alirudi. Aliifungua kazi yote akaipanga upya, akakiondoa kila kitu alichokuwa amekiweka barazani, akakipa chumba chake, ili kila mtu aingiapo akute mahali peupe, na atokapo mlango ufungwe nyuma yake na alichokuwa nacho kifutwe. Kumbukumbu ya mashine haikutosha tena kwa familia nyingi kwa pamoja. Ililazimu kulishwa kadi kwa mafungu madogo, na kazi iliyokuwa ya asubuhi moja ikawa ya kutwa. Ndugu Gideoni alilalamika kwamba mashine imekuwa mzee. Othmani alimjibu kwa upole kwamba haitakwenda mbio tena.

Na kila fungu lilipotoka, kabla ya kumpa Asukile karatasi, alikaa na Damari wakasoma. Damari alitaja jina lililo kwenye kadi, Othmani akajibu kwa lililo kwenye karatasi. Damari hakumtania tena habari za mke. Siku walipomaliza kitongoji cha mwisho, binti huyo alikwisha kukusanya kadi zote, akaona Othmani hajainuka.

"Zimekwisha, kaka."

"Taja moja zaidi."

Damari alielewa. Akataja, polepole, jina la Kashindye. Othmani alifungua kinywa ajibu, asipate karatasi ya kusoma.

Ewe Mola, usiyehitaji baraza wala chumba ili kumkumbuka mja wako, mpokee mama huyu kwa upole kuliko alivyopokewa na mikono yetu. Mpe Bujiku malisho yenye amani, na watoto wake wamjue bibi yao kwa kusimuliwa. Mtulize Mwanakhamisi kila asikiapo maji usiku. Mthibitishe Othmani katika kazi yake, wala usimwondolee maumivu yatakayomfanya awe mwangalifu. Na sisi tuliobaki, tunaongoja tusijue tunangoja nini, tuite kila mmoja kwa jina lake, utufikishe mahali pa juu kabla ya maji. Amina.